Wingu la Nsemulwa, Foleni ya Kasansa

Nyuma ya mashine yangu ya kukoboa mpunga, hapa Nsemulwa, kuna banda ambalo mke wangu ameshaliita majina mengi, mengine siwezi kuyaandika, maana yeye ni mtu wa kanisani na ningependa aendelee kuheshimika. Ndani kuna puli zilizopasuka, mikanda iliyokatika, machekeche yaliyotoboka, na mtambo mmoja nilioutengeneza kwa akili yangu mwenyewe, wa kupepeta mpunga kwa feni ya lori. Siku ya kwanza nilipouwasha ulipepeta mpunga wote mpaka uani kwa jirani, na kuku wake wakanenepa. Hakuna kitu kinachotupwa humo. Mimi shule nimefika darasa la tatu, yaliyobaki nimeyasomea bandani. Injini yangu ya kwanza niliikuta imekufa, watu wameigeuza kiti, nikaifufua kwa vyuma vya humo humo. Kwa hiyo mtu akiniambia banda langu ni jalala namjibu: nenda kanitafutie jalala lingine lililojenga nyumba ya matofali ya kuchoma.

Nimeanza na banda kwa sababu binti yangu naye analo la kwake. La kwake liko ndani ya kompyuta, na mimi baba yake nusura nilibomoe.

Huyu binti ni wa pili kuzaliwa, na kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Sisi hapa mashineni mtu hakai kwenye foleni kwa miguu yake. Anaweka kitu. Gunia lake likiwa bado njiani, anaweka ndoo, ungo, hata kandambili moja, halafu yeye anakwenda zake sokoni. Sasa kandambili haina mdomo. Anakuja mjanja, anaisukuma kwa kidole cha mguu, anaweka ndoo yake mbele. Mwenye kandambili akirudi ni vita, na mimi mwenye mashine nageuka hakimu wa kandambili. Binti aliliona hilo tangu mdogo, na alipokuwa mkubwa akatengeneza programu ya foleni. Ukileta mzigo unaandikishwa kwenye simu ya mwenye mashine, unakwenda kwenye shughuli zako, zamu ikikaribia unapata meseji. Kitu kizuri, nilimsifu. Kilichonishinda ni pale niliposikia si cha kwake peke yake.

"Tuko wengi, baba," alisema. "Kuna kijana wa Kigoma, wawili wako Kampala, na mama mmoja yuko mbali, nchi za barafu. Programu iko wazi. Anayetaka anaichukua. Anayejua anaongeza kitu, halafu anaturudishia."

"Na mwizi je?"

"Hakuna cha kuiba. Ukichukua, chenyewe kinabaki palepale."

Nimefanya biashara tangu nywele zikiwa nyeusi na sijawahi kuuza kitu ambacho mteja akiondoka nacho kinabaki. Lakini nikashika neno moja tu katika maelezo yake yote: anayejua anaongeza kitu. Nikajiambia, kama ni kujua, hapa wamefika.

Basi nikaanza kuongeza. Mimi nasema, binti anaandika. Wazo langu la kwanza lilikuwa wazee watangulie foleni. Nilisema ni heshima, sikusema kwamba nami nina miaka yangu. La pili, mteja mwenye mdomo mchafu arudishwe mwisho. Mtu wa kwanza kurudishwa mwisho alikuwa mke wangu, aliyekuja na mpunga wa nyumbani akaniambia mbele za watu kwamba suruali yangu imechanika. Ilikuwa imechanika kweli. La tatu nililipenda sana: meseji isiwe kavukavu, ianze na salamu kama watu waliolelewa. Umeamkaje, watoto hawajambo, ng'ombe wanaendeleaje, shamba je, mvua huko imekatika? Mwisho kabisa ndiyo iseme zamu yako imefika. Watu walisoma mpaka kwenye ng'ombe wakaacha. Wengine walijibu, wakaniuliza na mimi za kwangu.

Binti hakuwahi kuniambia hapana. Ndiyo malezi niliyompa, na ndiyo yaliyomponza. Kila wazo langu alilitupia kwenye folda moja linaloitwa majaribio. Na kumbe wenzake nao walikuwa wanatupia humo. Huyu ana kitu nusu, anakiweka. Yule ana kitu kilichokufa tangu masika yaliyopita, kinakaa. Kimoja kinaitwa "mpya", kingine "mpya ya mwisho", kingine "mpya ya mwisho kabisa". Mwenyewe hajulikani, kazi yake haijulikani, na ukigusa kimoja kinadondosha kingine. Aliponieleza nilicheka, nikasema hilo sasa ndilo banda. Yeye hakucheka.

Yule mama wa barafu, ambaye kwa nilivyomwelewa kazi yake kubwa ilikuwa kukataa, alikuwa amewaandikia wote. Programu yenyewe ni safi, alisema, lakini hilo folda ni aibu. Lipangwe kabla ya kikao chao cha Jumamosi. Kila jaribio likae chumba chake peke yake, lisichanganyike na programu ambayo watu wanaitegemea. Mlangoni liandikwe mwenyewe ni nani, linajaribu nini, na lini litafutwa kama halijafaa. Lisipopangwa, folda lote linafutwa na kila mtu akafanyie majaribio yake nyumbani kwake.

"Si vibaya," nilisema. "Kafanyie hapa nyumbani. Nafasi ipo."

"Baba, humo ndani kuna sauti."

Hapo ndipo nilipojua binti yangu alikuwa anapika nini. Programu ilishafika mpaka Kasansa, kwenye mashine ya mama mmoja tunayeitana kaka na dada kwa sababu ya biashara. Huko Mpimbwe, Kasansa iliko, wanaolima mpunga wengi ni akina mama watu wazima ambao hawakusoma. Meseji inaingia, bibi anashika simu, anazunguka mtaa mzima kutafuta wa kumsomea, na akimpata, zamu imeshapita. Dada wa Kasansa alisema bibi mmoja alipitwa mara tatu, akachukua gunia lake akarudi kutwanga kwenye kinu. Binti alikuwa anajaribu kuifanya simu iongee: inapiga, unapokea, inakuambia kwa mdomo zamu yako imefika, kwanza Kiswahili, halafu Kipimbwe. Hakuweza kuimaliza peke yake. Wale wa Kampala ndio walijua mambo ya sauti, na walikuwa wanamsaidia humo humo kwenye folda. Likifutwa, kila mtu anarudi kwake na sauti inaishia njiani.

Mimi mwenyewe meseji ndefu naisoma kwa kidole. Sikumwambia. Nilikohoa.

"Sasa panga," nikasema. "Kizuizi ni nini?"

Akatazama chini. "Vitu visivyo na mwenyewe ni vingi, baba. Na vinne ni vya kwako."

Vinne, maana nilikuwa nimeshaongeza wazo la mvua. Hili lilikuwa wazo la kweli, si mzaha. Mwezi wa tano mvua inaaga lakini haiagi vizuri, inarudi kama mtu aliyesahau fimbo. Uwanjani kwangu watu wanatandaza mpunga kwenye maturubai ukauke vizuri kabla ya kukobolewa. Wingu likija, mpunga ukaloa, ukiukoboa unakatika, unatoka chenga tupu. Kwa hiyo nilisema: kuwe na kitufe cha mvua. Nikiona wingu nabonyeza, na wote walioandikwa kwamba mpunga wao uko turubaini wanaruka mbele ya foleni. Binti alisema wazo ni zuri lakini bado, lina mambo hayajakaa sawa. Nikamwambia mimi nimekoboa mpunga kabla hajazaliwa.

Sasa ananitaka nimwambie afute yangu yote manne au nikubali kuandikwa mlangoni kama mwenyewe, na kujibu maswali kikaoni. Nilikasirika vibaya sana. Mimi, ambaye mashine yangu ndiyo ya kwanza kuitumia hiyo programu, mawazo yangu yakae stoo, tena yapewe na siku ya kufa? Nikasema hafuti mtu kitu. Nikasema kabla ya Jumamosi nitawaonyesha.

Niliondoka kifua mbele. Yeye alibaki amekaa na kompyuta yake, hajaifungua.

Kwenye simu ya mwenye mashine kuna ukurasa wa majaribio. Yote huja yamezimwa, hata yale matatu ya kwanza niliyawasha mwenyewe. Ni wewe uwashe kwa hiari yako, na kuna onyo kwa maandishi mekundu ambayo niliyapita kwa sababu ni marefu. Nikawasha mvua. Halafu, kwa kuwa kitu kizuri hakifai kuliwa peke yako, nikampigia dada wa Kasansa.

"Dada, washa mvua."

"Kaka, imeshakuwa tayari?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ndiye nimeitengeneza."

"Umeitengeneza au umeisema?"

"Washa, dada."

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko hata nilivyotaka. Kiwingu kilitokea upande wa ziwani, nikabonyeza, akina mama wawili wenye maturubai wakaruka mbele, wakakoboa, wakafunga magunia, manyunyu yakashuka. Mmoja alinipigia makofi. Nilitembea uwanjani siku ile kama mtu aliyeumba mvua yenyewe. Niliwaeleza wote jinsi inavyofanya kazi: ukiwa na turubai, wingu likija, wewe ni wa mbele. Nilieleza mpaka kwa watu waliokuja kununua pumba.

Kwa nini nilieleza, hata leo sijui.

Kesho yake asubuhi nilifika nikakuta uwanja umefunikwa. Si maturubai tu. Kanga, shuka, sinia, ungo, mfuko wa saruji uliopasuliwa. Kila mtu alikuwa na gunia lake limefungwa vizuri, na pembeni yake kitambaa chenye kiganja cha mpunga kimetandazwa kwa ustadi. Mama mmoja alikuwa na sahani ya chai, juu yake punje ambazo ungeweza kuzipa majina.

"Mama, hii nini?"

"Turubai langu, baba."

"Hii sahani?"

"Kwani mvua inachagua?"

Nikamwandika turubaini. Ningemwandika wapi? Nikawaandika wote. Mchana wingu likaja, zito, jeusi, mbuzi wakaanza kukimbia. Nikabonyeza. Wote wakaruka mbele. Sasa wote wakiwa mbele, aliye mbele ni nani? Programu haikujua, ikawapanga ilivyojua yenyewe, na wa kwanza akawa kijana aliyefika muda uleule na kiganja cha mpunga kwenye kofia. Wa mwisho akawa mzee wa watu aliyelala hapo tangu alfajiri. Kelele zilizopigwa zilizidi injini. Watu walirudi kwenye njia za zamani, kila mmoja akavua kandambili akaiweka mlangoni. Nilisimama katikati ya kandambili nikiamua kesi, na mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mwulizeni aliyetengeneza!"

Halafu mvua haikunyesha. Wingu likapita juu yetu, likaenda zake.

Nilikuwa bado najifuta jasho simu ikaita. Dada wa Kasansa.

"Kaka, wingu lako limefika."

"Huko nako kuna mvua?"

"Mvua gani! Jua limesimama utosini. Lakini simu yangu inasema mvua, walio turubaini watangulie. Wamewapita wenzao walioamka alfajiri, wakakausha, wakaanua, wakafunga. Umewaadhibu wenye bidii, kaka. Hapa wananiuliza hiyo mvua naiona mimi peke yangu?"

Ndipo nilipoelewa binti alimaanisha nini aliposema hayajakaa sawa. Kitufe changu hakikujua kinabonyezwa wapi. Kila aliyewasha mvua alinyeshewa mimi nilipobonyeza. Kutoka hapa Nsemulwa mpaka Kasansa ni safari ya basi na vumbi lake, na mimi nimeloanisha foleni yao kwa kidole kimoja.

"Sasa nifanye nini?" akauliza.

"Zima mvua, dada."

"Nishaizima. Nataka tu kujua kama wiki ijayo unatengeneza na radi."

Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Binti alishajua, Kasansa walimpigia kabla yangu, na wale wenzake nao walishaona. Nilimkuta jikoni na mama yake wanachambua mchele. Nilitegemea anigombeze, nilikuwa nimeshajiandaa kugomba zaidi. Hakunigombeza.

"Mama wa barafu ameandika," alisema. "Anasema hii inatosha, Jumamosi anapendekeza folda lifutwe lote. Nitasema nini, baba? Jaribio la nani? Nitasema la nani?"

Mke wangu hakuinua macho kwenye ungo. "Useme la mwenye suruali iliyochanika," alisema.

Jumamosi mchana nilivaa shati la kanisani. Binti aliweka kompyuta mezani, nyuso zikatokea: yule wa Kigoma, wale wa Kampala wakigombea kiti kimoja, na mama wa barafu. Nilitegemea jitu. Kumbe ni mama mdogo wa miwani, mwenye mvi kama zangu, na paka anapita mbele yake. Binti alikuwa anatafsiri. Mama akasema anapendekeza kufuta lote, labda kuna mwenye neno. Binti akamaliza kutafsiri, akanitazama mimi.

"Ninalo," nilisema. "Mwambie vile vinne ni vya kwangu. Mvua ni yangu. Binti aliniambia bado."

Akatafsiri. Sidhani kama alitafsiri yote, maana alifupisha kuliko nilivyosema. Mama akaniuliza, basi tuanze na wewe, hiki cha wazee kinajaribu nini?

"Kinajaribu kunipeleka mimi mbele. Futa."

"Cha wenye mdomo?"

"Futa. Kina kesi nyumbani."

"Cha salamu?"

Hapo nilisita, lakini nikasema futa. Kijana wa Kigoma alisema pole mzee, ile ilikuwa inanifurahisha, nilikuwa naisoma mpaka kwenye ng'ombe. Baada ya mimi kuanza, wengine nao wakaona aibu kung'ang'ania. Wa Kampala akasema "mpya ya mwisho kabisa" ni yake, ifutwe, haikumbuki. Wa Kigoma akafuta zake. Ilikuwa kama watu wanaotapika baada ya mmoja kuanza. Vikabaki vichache, vyenye wenyewe, na sauti ikiwa katikati yao peke yake, unaiona vizuri. Mama wa barafu akaisikiliza. Akauliza wenyewe nani. Binti na wa Kampala wakainua mikono. Akauliza mpaka lini. Mpaka mavuno yanayokuja, binti akasema, na Kasansa wamekubali kuijaribu. Akaandika. Akasema, folda linabaki.

Binti yangu alinikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu, na hiyo ndiyo shukrani niliyopewa.

"Na mvua?" mama akauliza.

"Futa!" nikasema, kwa ukali kuliko yote.

Akakataa. Nilishawaambia, kazi yake ni kukataa. Akasema mvua ina akili, ila haijui iko kwenye mashine ipi, na haijui turubai ni nini. Ipewe chumba, irekebishwe. Mwenyewe nani? Nilimtazama binti, binti akatazama paka wa kwenye kompyuta. Nikainua mkono. Kwa hiyo mpaka leo jina langu liko mlangoni kwa mvua, na kila mwezi naulizwa turubai linaanzia ukubwa gani. Nimeshajibu: lisiwe sahani.

Sauti ilimalizika kabla ya mavuno. Likabaki swali nani aongee. Mimi nilidhani hilo si swali. Mwenye mashine ni mimi, mzee wa heshima ni mimi, nikakaa mbele ya simu nikarekodi. Wakaipeleka sauti yangu Kasansa kwa majaribio. Bibi wa kwanza kunipokea ndiye yule aliyekuwa amerudi kwenye kinu. Dada anasema alinisikiliza, akaitoa simu sikioni, akaitazama, akauliza: "Nani huyu ananifokea? Nimemkosea nini?" Akazima. Siku ile tena hakukoboa.

Wakamrekodi mke wangu. Kiswahili chake, halafu Kipimbwe alichozaliwa nacho. Bibi alipopokea alisema, "Nakuja mwanangu, usisimame juani." Akaja, na gunia lake, kwa zamu yake. Mashine mbili, yangu na ya dada, zikakubali, sauti ikatoka majaribio ikaingia kwenye programu yenyewe, na sasa kuanzia Kasansa mpaka kijiji cha Kapalamsenga, kwenye mashine ya mahindi iliyojiunga baadaye, watu wanamwitikia mke wangu. Anajua. Anatembea anavyojua.

Ya kwangu haikufutwa. Iko kwenye majaribio, chumba chake peke yake. Mwenyewe: mimi. Inajaribu nini: kama mzee anaweza kusema taratibu. Itafutwa lini: mavuno yajayo.

Kwa hiyo siku hizi jioni, mashine ikizimwa, naingia bandani, nakaa kati ya puli, nafanya mazoezi. Mama, zamu yako imefika. Mama, zamu yako. Juzi nilikuwa nimeipata kabisa, laini, kama mtu anayemwamsha mtoto, mke wangu akapita nje.

"Unaongea na nani humo?"

"Hakuna!" nikamjibu.

Mabati yakaitikia, kuku wa jirani wakaruka ukuta, na nikajua ni nini hasa yule bibi alisikia.